Jiwe la Kiomoni na dola 180 za mtandaoni

Swali: Shikamoo mzee. Sisi ni vijana watano, tuna leseni ndogo ya mawe ya chokaa huku Kiomoni, Tanga. Kuna mfanyabiashara anakuja na tipa, tunamvunjia mawe kwa nyundo na kumpakilia, anatupa shilingi 90,000 kwa tripu. Juzi mwenzetu kaingia mtandaoni, kaona kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo madini ya jiwe letu, inauzwa dola 180 kwa tani. Tripu moja ni kama tani 10. Je, tunaibiwa? Na bei halisi ya jiwe letu tunaipata wapi, maana ya dhahabu inatangazwa kila siku? Mwingine anatushauri tuachane na chokaa, tukatafute madini ya kinywe (grafiti), yale meusi ya penseli na betri.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na wasalimie wenzako wote wanne.

Nianze na neno litakalokuudhi: zile dola 180 zisahau, si zenu. Lakini kuna mahali mnapunjwa kweli, na umepataja mwenyewe ndani ya swali bila kujua. Nivumilie, tutafika.

Dhahabu ina bei ya kutangazwa kwa sababu gramu moja ya dhahabu safi ni ileile, iwe imetoka Geita au Afrika Kusini. London bei yake hupangwa mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na dunia nzima inaishika hiyo. Shaba, bati, zinki na nikeli zina Soko la Metali la London. Mawe ya chokaa, jasi, kaolini na mchanga wa kioo hayana soko la namna hiyo. Bei yake huzaliwa mezani, muuzaji huku na mnunuzi kule, na wakishakubaliana hawamtangazii mtu. Majarida ya biashara ya madini huchapisha kiwango cha chini na cha juu tu, kilichookotwa kwa kuwauliza wauzaji na wanunuzi, na kati ya chini na juu pengo linaweza kuwa pana kama mlango wa ghala. Tovuti za wauzaji ndiyo kabisa. Bei unayoiona pale ni kama bei ya kwanza ya doti ya kanga pale Ngamiani: imewekwa ili ishushwe.

Kuna kubwa zaidi. Ile kalsiamu kaboneti ya dola 180 si jiwe. Rudini mkasome vizuri tangazo lile. Mtakuta limeandikwa meshi au mikroni, yaani ukubwa wa chembe. Mtakuta weupe kwa asilimia, pengine na neno la kwamba unga umepakwa asidi ya steariki ili ushikane na plastiki. Mtakuta mifuko ya kilo 25, na herufi tatu, FOB, na jina la bandari fulani. Kila moja ya hizo ni kazi iliyofanywa juu ya jiwe: limechaguliwa, limeoshwa, limepondwa, limesagwa mpaka likawa laini kuliko unga wa sembe, likachekechwa, likafungwa, likasafirishwa hadi bandarini na kupakiwa melini. FOB maana yake gharama zote hizo mpaka mzigo ukae ndani ya meli zimo kwenye bei. Ninyi mnauza jiwe shimoni. Kati ya shimo lenu na ile dola 180 kuna kiwanda kizima, na mwenye kiwanda hakukijenga kwa ajili ya thawabu.

Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo kamuulize mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Atakwambia singa zina madaraja, kuna 3L, kuna UG, na mwenye mzigo wa UG hadai bei ya 3L eti kwa kuwa zote zimetoka kwenye jani moja. Mawe yenu nayo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba daraja la jiwe hulijui kwa macho, na kila mnunuzi ana daraja lake kichwani.

Hapo ndipo wachimbaji wengi wanapopotea, kwa hiyo nikae kidogo. Kiwanda cha saruji kinatafuta kalsiamu, na kinaogopa magnesiamu ikizidi; rangi ya jiwe hakijali. Kiwanda cha rangi ya nyumba kinajali weupe kuliko kitu chochote. Mtengenezaji wa chakula cha kuku wa mayai anataka kalsiamu isiyo na mchanga, maana kuku wake anahitaji chakula chenye karibu asilimia 4 ya kalsiamu ili ganda la yai lisivunjike njiani. Kiwanda cha kioo kinakataa chuma, kwa kuwa chembe kidogo tu ya chuma inaupa kioo rangi ya kijani. Wachoma chokaa wanataka jiwe safi, tena la ukubwa unaolingana, ili moto upite sawasawa kwenye tanuru. Kwa hiyo jiwe lilelile linaweza kuwa dhahabu kwa mmoja na kifusi kwa mwingine.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Miaka ya nyuma nilipeleka semi-trela la unga wa chokaa kwenye kiwanda kimoja cha rangi, Dar es Salaam. Machoni pangu ulikuwa mweupe kama pamba. Mkaguzi wao, kijana mpole tu, akachota kijiko kimoja cha unga wangu na kimoja cha wa kwao, akaviweka sambamba kwenye kipande cha kioo, akavibonyeza kwa kioo kingine juu yake. Wangu ukawa kama meno ya mvuta sigara. Kumbe huko machimboni wapakiaji walikuwa wamekomba mawe pamoja na udongo mwekundu wa juu baada ya mvua, na udongo kidogo tu ukashinda tani 28 za jiwe zuri. Mzigo ukarudi. Nauli ya kwenda nikalipa mimi, ya kurudi nikalipa mimi. Tangu siku ile siuzi kitu ambacho sijakiweka pembeni ya sampuli ya mteja.

Sasa usafiri, ambao kwenye biashara hii ndiyo bwana mkubwa. Tazama mfuko mmoja wa saruji. Tani moja ya klinka, ile saruji kabla ya kusagwa, inakula kama tani moja na nusu ya mawe ya chokaa. Ndiyo maana viwanda vya saruji vya Tanga vimekaa Pongwe na Maweni, juu ya mawe yenyewe. Hakuna mwenye akili atakayebeba tani moja na nusu ya jiwe kwa lori kufuata tani moja ya klinka. Jasi je? Saruji inahitaji asilimia chache tu, kama 3 hadi 5, ili isigande mapema mikononi mwa fundi. Kwa hiyo jasi inaweza kutoka Makanya huko Same, kilometa 200 hivi, na bado hesabu ikakubali. Ndani ya mfuko mmoja, jiwe limekaa na jasi imesafiri. Na ndiyo maana usitarajie kiwanda cha saruji kije kununua jiwe kwenu. Kina machimbo yake.

Chokaa haijawahi kupenda safari. Nendeni Tongoni mkaangalie kuta za ule msikiti na makaburi: matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa kwenye tanuu palepale pwani. Wazee wale hawakuwa na lori, lakini hesabu ya nauli waliijua.

Tufanye hesabu ya kurudi nyuma, ndiyo njia ninayoitumia mimi kutafuta bei ya jiwe lolote. Namba ni za mfano tu, ninyi mtaweka zenu. Tuseme mteja wa Dar es Salaam analipa 60,000 kwa tani ya kokoto safi za chokaa, zikifika getini kwake. Lori kutoka Tanga linadai 42,000 kwa tani. Zimebaki 18,000. Kuponda 6,000, kuchimba 5,000, kupakia 2,000. Zimebaki 5,000. Mrabaha wa madini ya viwandani, ambao sheria imeuweka 3%, na ada ya ukaguzi 1%, tuweke 2,400 kwa pamoja. Umebakiwa na 2,600. Dizeli ikipanda na mwenye lori akaongeza shilingi 2,600 tu kwa tani, mmefanya kazi ya Mungu. Sasa chukua jiwe hilohilo, lisagwe liwe unga wa 200,000 kwa tani. Nauli ni ileile 42,000, lakini safari hii imekula kama moja ya tano ya bei, wakati kwenye kokoto ilikula zaidi ya theluthi mbili. Faida ya kusaga iko hapo: unga una uwezo wa kujilipia nauli ya mbali, jiwe halina.

Kwa wasio na mtaji wa kusaga, kuna mlango mdogo: lori linalorudi tupu. Dereva aliyeshusha mzigo Tanga na anarudi Moshi, Arusha au Dar bila kitu atakubali nauli ambayo mwenye kampuni angekucheka ukimtajia. Kaeni vizuri na madalali wa malori, mjue nani anarudi lini. Ila msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, msipoteze muda. Kila lori lina bwana.

Sasa nirudi kwenye lile nililokuahidi. Umesema tripu ni kama tani 10. Nani aliwaambia? Nadhani ni yeye. Nimewahi kupima tipa nyingi za aina hiyo, na sijaona iliyojazwa mawe ya chokaa mpaka kwenye kingo ikawa na tani 10 tu.

Chukueni futi kamba siku tipa ikija. Pimeni boksi lake kwa ndani. Tuseme urefu ni meta 4.2, upana 2.3, kina 1.0. Zidisheni: meta za ujazo 9.66. Halafu tafuteni pipa la lita 200, lijazeni mawe ya ukubwa uleule mnaompakilia, bila kulishindilia. Yatoeni kidogokidogo kwa ndoo, mpime kila ndoo kwenye mizani ya magunia, mjumlishe. Jiwe la chokaa lisilovunjwa lina tani kama 2.6 kwa meta moja ya ujazo, lakini likivunjwa linabaki na mianya, linashuka hadi kwenye 1.5 au 1.6. Pipa likiwapa kilo 310, zidisheni mara 5, ni tani 1.55 kwa meta ya ujazo. Mara 9.66, ni tani 15, na hapo bado hamjahesabu ule mlima anaoupandisha juu ya kingo.

Kwa hiyo 90,000 gawanya kwa 15: mnalipwa 6,000 kwa tani, wakati vichwani mwenu mlijua ni 9,000. Kwa kila tripu mnampa tani 5 za bure. Bei ya jiwe shimoni huenda haina ubaya wowote. Kipimo ndicho kinachowala.

Baada ya hapo jueni mna nini. Kuna kipimo cha masikini ambacho nakipenda sana. Pimeni kilo moja kamili ya mawe yaliyokauka, vipande vya ukubwa wa ndimu, myachome kwenye tanuru la mchoma chokaa wa jirani mpaka yaive kabisa, joto lipite nyuzi 900. Yakipoa kidogo tu yapimeni, msiache yalale maana yanafyonza unyevu wa hewa. Jiwe safi kabisa linabaki gramu 560, kwa kuwa gramu 440 zimeruka kama hewa ya ukaa. Likibaki gramu 600, zimeruka 400; gawa 400 kwa 440, mna jiwe la kama asilimia 91. Likibaki 650, mko chini ya 80, na soko lenu ni la barabara na msingi wa nyumba. Mwagieni maji yale yaliyochomwa: chokaa nzuri inachemka na kusambaratika kuwa unga, na punje ngumu zinazobaki katikati ni jiwe ambalo halikuiva. Kipimo hiki kina tundu moja: magnesiamu inakidanganya, kwa sababu jiwe lenye magnesiamu nyingi hupoteza uzito zaidi ya hapo. Kamulieni ndimu juu ya jiwe. Likitoa povu papo hapo, ni dalili njema. Likizubaa mpaka mlisage ndipo litoe povu, lina magnesiamu. Mkiona matokeo yanaridhisha, pelekeni sampuli Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Wekeni vipande kutoka pembe zote za shimo, msichague vizuri peke yake. Sampuli ya kuchagua inamdanganya mwenye nayo.

Mkiwa na karatasi ya maabara ndipo muanze kutafuta wateja. Ningekuwa ninyi ningeanza na wachoma chokaa. Chokaa iliyochomwa ina wanunuzi wanaolipa: migodi ya dhahabu inaitumia ili sianidi, dawa ya kutolea dhahabu, isigeuke gesi ya sumu, kwa kuiweka tope ya mawe ya dhahabu juu ya pH 10 (kipimo cha uchachu), viwanda vya sukari vinasafishia maji ya miwa, mamlaka za maji, wakandarasi wa barabara, wakulima wenye udongo wenye asidi. Lakini msikimbilie kuchoma wenyewe. Tani moja ya chokaa inataka karibu tani 1.8 za jiwe safi, moto wake unakula kuni au makaa kupita mnavyodhani, na kuni za mikoko ni kesi. Tena chokaa isiyozimwa kwa maji haikai: ikivuta unyevu na hewa inaanza kurudi jiwe, na thamani inashuka huku mnaiangalia. Muuzieni anayechoma. Mwacheni yeye apigane na moto.

Umeuliza bei halisi inapatikana wapi. Tume ya Madini hutoa bei elekezi. Nendeni kwa Afisa Madini Mkazi mkaiulize, ni haki yenu. Hiyo hutumika kukokotoa mrabaha, kwa hiyo mkiandika mauzo ya bei ya kutupa msishangae mrabaha ukikokotolewa kwa bei ya juu kuliko mliyopokea. Ila haimlazimishi mnunuzi kuwalipa. Chanzo changu mimi cha bei ni madereva. Dereva anayeshusha mawe anajua kila geti linalipa nini, nani anakata uzito, na nani anachelewesha hundi. Soda moja baridi pale kituo cha mafuta inanipa habari kuliko jarida la mwaka mzima.

Wenye mashamba ya chumvi wa Mkinga na Bagamoyo huniuliza swali lenu kwa maneno mengine, na jibu linafanana, ila wao wana adui mmoja zaidi ambaye ni jua. Likiwaka, kila mtu anavuna siku moja na bei inaanguka. Mvua ikinyesha chumvi ya mabwawani inayeyuka na aliyehifadhi ndiye anacheka. Jiwe lenu linaweza kungoja. Hilo ni jambo la kulitumia mnapoongea bei.

Kuhusu kinywe, huyo rafiki yenu asiwachanganye. Ni kweli bei yake inasikika duniani, hasa tangu China ianze kutaka vibali vya kuuza nje mwishoni mwa 2023, na nchi yetu ina hazina kubwa Mahenge na Ruangwa. Lakini kinywe nacho hakina bei moja. Kinauzwa kwa ukubwa wa magamba na asilimia ya kaboni, na kuyatenga magamba bila kuyavunja kunahitaji mtambo unaoyafanya yaelee kwenye maji yenye dawa. Watu watano wenye nyundo mtavunja magamba makubwa, yale ya bei, mkabaki na vumbi.

Huyo mfanyabiashara msigombane naye. Anakuja kila wiki, analipa taslimu, wengine wangewakopa. Akija safari ijayo mwambieni kwa adabu kwamba kuanzia sasa mnauza kwa tani, lori lipite mizani likiwa tupu na likiwa limejaa, karatasi mbili mzishike ninyi. Atasema mizani iko mbali. Mwambieni basi mpime boksi kwa futi kamba na mkubaliane 1.55 kwa meta ya ujazo, mlima wa juu uhesabiwe mbali. Ataomba apunguziwe kwa ajili ya unyevu wakati wa masika, na hapo ana haki. Mpeni asilimia 2 au 3, msimpe 10. Bei mwanzieni 9,000 kwa tani, ileile mliyodhani anawapa. Akiinuka kwenda kuwasha gari, msimfuate mpaka aingize gia.